Uchaguzi wa Seneti ya Kenya: tunamchagua mgombea au tunakipigia chama kura tu?

#1 – Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Uchaguzi Mkuu wa Kenya umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027, na kama ilivyo ada, mazungumzo yote yamekwisha kuelekea Ikulu na kwenye viti vya ugavana. Nimeanzisha uzi huu tuzungumzie kiti ambacho wapiga kura wengi hukipa uzito mdogo kuliko vyote, ilhali ndicho kinachoamua kaunti zitapata fedha kiasi gani na nani atamhoji gavana zikitumika vibaya. Msimamo wangu ni huu: katika sehemu kubwa ya nchi seneta huwa amekwisha kupatikana katika mchujo wa chama kabla ya Agosti kufika, na sisi tumeikubali hali hiyo kwa sababu wengi wetu hatumpimi mgombea kwa kazi ambayo Katiba imempa.

Kwa wasiokifahamu kiti hiki, Katiba ya mwaka 2010 inaipa Seneti wajumbe 67 mbali na Spika. Kati yao 47 huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, mmoja kwa kila kaunti. 16 ni wanawake wanaoteuliwa na vyama kulingana na idadi ya viti ambavyo kila chama kimeshinda. Wawili huwakilisha vijana na wawili huwakilisha watu wenye ulemavu, mwanamume na mwanamke kwa kila kundi. Lamu, iliyokuwa na wapiga kura takriban 81,000 mwaka 2022, ina seneta mmoja wa kuchaguliwa, na Nairobi, iliyokuwa na zaidi ya milioni 2.4, nayo ina mmoja. Wapo wanaoona hilo kuwa dhuluma kwa kaunti kubwa. Mimi naliona kuwa ndiyo sababu hasa ya kuwapo kwa Seneti, kwa kuwa katika Bunge la Kitaifa kinachopewa uzito ni wingi wa watu, na pasipo ukumbi wa pili ambamo Lamu na Nairobi zina sauti sawa, kaunti ndogo zingekuwa zikipokea kile tu ambacho wakubwa wamebakisha. Ibara ya 123 imelisema wazi: katika miswada inayohusu kaunti, kila kaunti ina kura moja tu.

Kenya iliwahi kuwa na Seneti nyingine, ya wajumbe 41, tangu mwaka 1963. Iliunganishwa na bunge la chini mwishoni mwa mwaka 1966 na viti vikawa 158, na tangu hapo hadi uchaguzi wa Machi 2013 nchi haikuwa tena na bunge la pili.

Sasa tutazame vyama. Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, muungano wa Kenya Kwanza, wenye UDA ya William Ruto, ulipata viti 24 kati ya 47 vya kuchaguliwa, na muungano wa Azimio, wenye ODM, Wiper na Jubilee, ukapata 23. Kwa kuyatazama matokeo hayo kwa jumla, mtu angedhani kila kaunti ilikuwa na kinyang'anyiro kikali, lakini ukiifungua ramani unakuta jambo jingine kabisa. Kaunti tatu za Ukambani, yaani Machakos, Makueni na Kitui, zote zilichagua maseneta wa Wiper. Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori zilikwenda ODM. Mlima Kenya na Bonde la Ufa kwa sehemu kubwa zilikwenda UDA. Huku kwetu Pwani, ODM ilichukua Mombasa, Kwale, Kilifi na Taita Taveta, Jubilee ikashinda Lamu, na UDA ikashinda Tana River kupitia Danson Mungatana. Huo ushindani wa 24 kwa 23 ni jumla ya ngome zilizopangwa bega kwa bega, na ndani ya ngome nyingi hakukuwa na shaka yoyote kuhusu matokeo.

Mwenye kumbukumbu ya kampeni za mwaka huo atakumbuka mwito wa kupiga kura ya suti, yaani kuanzia kwa rais hadi kwa mwakilishi wa wadi kusiwe na doa la chama kingine. Mpiga kura hupewa karatasi sita. Ile ya rais ni nyeupe na ya seneta ni ya njano. Mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri, anayefahamu vizuri nani anamtaka awe rais na gavana, akifika kwenye ile ya njano hutafuta alama ya chama tu, kwa kuwa jina lililo mbele yake hana la kulipimia. Hata baada ya kura kuhesabiwa hali ni hiyo hiyo. Fomu 34A za urais zilipowekwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC, nchi nzima ilizipitia na kuzijumlisha usiku na mchana. Fomu 38A, ambayo ndiyo yenye matokeo ya seneta katika kituo, ni wangapi kati yetu wamewahi kuiulizia?

Nilihudhuria mkutano wa kampeni huko Likoni mwaka 2022 ambapo mgombea mmoja wa useneta, ambaye sitamtaja wala chama chake, aliahidi kwa sauti kubwa lami, basari na zahanati. Akina mama waliokuwa wameketi mbele kwenye mikeka walipiga vigelegele, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyemuuliza fedha hizo angezitoa wapi. Mbunge ana hazina ya maendeleo ya eneo bunge, NG-CDF, na mwakilishi wa wanawake wa kaunti ana mfuko wa NGAAF. Seneta hana mfuko wa aina hiyo. Kazi yake kwa mujibu wa Ibara ya 96 ni kuziwakilisha kaunti na kulinda maslahi yake, kushiriki katika kutunga sheria zinazozihusu, kuamua mgawanyo wa mapato kati ya kaunti, na kusimamia matumizi ya fedha zinazotoka katika serikali ya taifa. Mgombea wa useneta anayeahidi lami ama hakijui kiti anachokiomba au anajua kwamba sisi hatukijui, na hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Anayedhani kwamba mgawanyo wa mapato ni hesabu za wataalamu tu na akumbuke mwaka 2020. Mswada wa fomula mpya ulikwama mara baada ya mara kwa miezi kadhaa, kwa sababu fomula iliyopendekezwa ingeziongezea fedha kaunti zenye watu wengi na kuzipunguzia kaunti kame pamoja na baadhi ya kaunti za Pwani. Mwezi Agosti maseneta watatu, Cleophas Malala wa Kakamega, Steve Lelegwe wa Samburu na Christopher Langat wa Bomet, walikamatwa na polisi katikati ya mvutano huo. Mwafaka ulipatikana Septemba, baada ya kukubaliana kwamba hakuna kaunti itakayopoteza na kwamba mgao utapandishwa kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370 mwaka wa fedha uliofuata. Maseneta wa kaunti zilizokuwa zikipoteza waliungana bila kujali nani alikuwa Jubilee na nani ODM, na mgawanyo wa fedha ulibadilika kwa sababu hiyo. Huo ndio ushahidi wangu mkuu kwamba mtu anayekaa katika kiti hicho ana uzito wake mwenyewe, mbali na chama kilichompa tiketi.

Tena si kweli kwamba wapiga kura hawawezi kutenganisha karatasi. Nairobi, mwaka 2022, ilimchagua Johnson Sakaja wa UDA kuwa gavana, na siku hiyo hiyo, katika vituo hivyo hivyo, ikamchagua Edwin Sifuna wa ODM kuwa seneta mbele ya Askofu Margaret Wanjiru wa UDA. Kirinyaga, mwaka 2017, wimbi la Jubilee lilipokuwa limefunika eneo zima la Mlima Kenya, ilimchagua Charles Kibiru akiwa mgombea huru. Sheria inamtaka mgombea huru wa useneta aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 waliosajiliwa katika kaunti, idadi ambayo mtu anayejulikana kwao hawezi kushindwa kuipata.

Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa wale ambao katika kaunti zao wagombea wameanza kujitokeza.

#2 – Mchangiaji kutoka Tanga

Mkuu, nakushukuru kwa uzi wenye maelezo ya kutosha. Sisi Watanzania tuna Bunge moja la Jamhuri ya Muungano, na Zanzibar ina Baraza lake la Wawakilishi, kwa hiyo suala la seneti tunalisikia kwa majirani tu. Swali langu ni moja. Ikiwa wananchi wanapiga kura ya seneta kwa kufuata chama bila kumjua mtu, je, isingekuwa bora wawakilishi wa mabaraza ya kaunti ndio wamchague, kwa kuwa wao wanaijua bajeti ya kaunti na wanajua nani anaweza kuitetea jijini Nairobi? Nimesikia Kongo wanafanya hivyo.

#3 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Tanga, swali lako ni zito, na ni kweli kwamba majirani zetu wengi wamechagua njia hiyo. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo maseneta huchaguliwa na mabaraza ya mikoa, Burundi huchaguliwa na madiwani wa tarafa, na Rwanda ina maseneta 26 ambao baadhi yao huchaguliwa na viongozi wa ngazi za chini, wengine huteuliwa na Rais, na waliobaki hutoka kwenye jukwaa la vyama na kwenye vyuo vikuu. Hata hivyo, kumbuka yaliyotokea Kongo Machi 2019, pale Rais Tshisekedi alipositisha kuapishwa kwa maseneta wapya kutokana na madai kwamba wajumbe wa mabaraza ya mikoa walikuwa wamehongwa. Baraza la mkoa ni watu wachache wenye majina na anwani zinazojulikana, na mwenye fedha anaweza kuwafikia wote. Mbali na hilo, hapa Kenya wawakilishi wa wadi nao wamechaguliwa kwa tiketi za vyama vile vile, kwa hiyo uamuzi wa chama ungebaki pale pale na mwananchi ndiye angeondolewa kabisa. Napenda afadhali kura tunayoipiga bila kuifikiria, kwa sababu tunaweza kuanza kuifikiria, kuliko kura ambayo hatuna.

#4 – Mchangiaji kutoka Kilifi

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini na nakuheshimu, lakini sikubaliani nawe kwamba kupiga kura ya chama ni kupiga kura bila kufikiri. Kilifi tumemchagua Stewart Madzayo kwa tiketi ya ODM mwaka 2013, 2017 na 2022, na baada ya uchaguzi wa mwisho akawa kiongozi wa wachache katika Seneti. Nafasi hiyo hapewi mgombea huru hata angekuwa hodari kiasi gani. Uanachama wa kamati, zamu ya kusema, uongozi wa kamati za hesabu za kaunti, vyote hivyo hupita mikononi mwa viranja wa vyama. Nakukumbusha Mei 2020: Kipchumba Murkomen aliondolewa kuwa kiongozi wa wengi, Susan Kihika akaondolewa kuwa kiranja, na Kithure Kindiki, ambaye hakuna aliyetilia shaka uwezo wake, akapoteza unaibu spika kwa kura ya wenzake, kwa sababu walikuwa upande wa Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, katika mzozo wa Jubilee. Mwananchi anayeyajua hayo anapotia alama kwenye chama ana hoja yake: anataka seneta atakayekuwa na mahali pa kusimama. Wewe umetaja Nairobi na Kirinyaga. Mimi nakuuliza, yule mgombea huru alikuwa na kundi gani la kumtetea kaunti yake ilipohitaji kura za wenzake?

#5 – Mchangiaji kutoka Machakos

Naomba niongeze jambo ambalo ndugu zangu wawili hapo juu wamelipita. Mwaka 2013 hakuna mwanamke hata mmoja aliyeshinda katika kaunti zote 47. Mwaka 2017 walishinda watatu: Susan Kihika wa Nakuru, Margaret Kamar wa Uasin Gishu na Fatuma Dullo wa Isiolo. Mwaka 2022 wakawa watatu tena: Fatuma Dullo aliyekitetea kiti chake, Tabitha Karanja wa Nakuru, na Agnes Kavindu wa kwetu Machakos, ambaye kwanza alishinda uchaguzi mdogo wa Machi 2021 baada ya kifo cha Boniface Kabaka. Vyama hujitetea kwamba vina wanawake 16 wa kuteuliwa, na hapo ndipo kichaka chao kilipo. Mwanamke akiomba tiketi ya kaunti huambiwa asubiri orodha. Kwenye orodha, anayeamua jina lake liwe la ngapi ni wakuu wa chama, na wapiga kura hawalioni popote kwenye karatasi. Kisha akifika bungeni, mswada unapohusu kaunti, kura ya kaunti hupigwa na kiongozi wa ujumbe, yaani yule aliyechaguliwa, baada ya kushauriana na wenzake. Seneta mteule anafanya kazi kubwa kwenye kamati, na wapo waliotushinda sote kwa bidii, lakini katika mambo ya fedha za kaunti kura haimo mkononi mwake. Kwa hiyo chama kinaposema kimewapa wanawake nafasi, tukiulize kimewapa tiketi ngapi za kaunti, na katika kaunti zipi: zile ambazo kina uhakika nazo, au zile ambazo kimekwisha kukata tamaa?

#6 – Mwanzisha uzi

Dada yetu wa Machakos, hoja yako ya tiketi za ngome na tiketi za kukatiwa tamaa ni bora kuliko yangu yote, na ninaomba kila atakayeandika baada ya hapa aanzie hapo.

Ndugu wa Kilifi, nakubaliana nawe kwamba chama humpa seneta mahali pa kusimama. Tunapotofautiana ni hapa: mifano yako ya Mei 2020 inanionyesha kwamba nafasi hizo hutolewa na kunyang'anywa kwa mambo ya urithi wa urais, na kaunti haimo katika hesabu hizo. Kihika alikuwa kiranja asubuhi na jioni hakuwa, na Nakuru haikuulizwa lolote. Kuhusu mgombea huru, kumbuka kwamba katika mvutano wa fomula kilichohesabiwa kilikuwa kura ya kaunti, na kura ya Kirinyaga ilikuwa na uzito sawa na ya kaunti yoyote yenye kiranja.

Kuna jambo moja ambalo sikulifikisha mwisho katika chapisho la kwanza, nalo ni matumizi ya Seneti kama ngazi. Mwaka 2017 Mike Sonko, Anyang' Nyong'o, Kiraitu Murungi na Stephen Sang walitoka kwenye useneta wakawa magavana. Mwaka 2022 wakafuata Sakaja, James Orengo, Mutula Kilonzo Junior, Susan Kihika, Irungu Kang'ata na Kimani Wamatangi. Siwalaumu kwa kutaka makuu. Lakini seneta anayekitamani kiti cha gavana humkagua gavana huyo akiwa mshindani wake, na wananchi wakisikia hoja zake, hata za kweli, huziona kuwa kampeni. Sasa njia imeanza kupitika kinyume chake pia: Jackson Mandago na Ali Roba walimaliza mihula miwili ya ugavana, Uasin Gishu na Mandera, wakachaguliwa kuwa maseneta wa kaunti zizo hizo mwaka 2022. Mwaka 2027 magavana wanaomaliza muhula wa pili watakuwa wengi, na si ajabu baadhi yao wakaitaka karatasi ya njano. Ripoti za ukaguzi wa hesabu huchukua muda mrefu kufika kwenye kamati na kujadiliwa, kwa hiyo gavana mstaafu aliye seneta anaweza kukuta mezani vitabu vya miaka yake mwenyewe. Uzoefu wao una faida, hilo sikatai, ila mgombea wa aina hiyo anapaswa kutuambia mapema, mbele ya watu, kwamba hatakaa katika kamati inayozijadili hesabu hizo.

Kuhusu hali ya vyama kwa sasa, ngome nyingi za mwaka 2022 hazisimami tena kama zilivyokuwa. Mkataba wa ushirikiano kati ya UDA na ODM wa Machi 2025 umewaweka upande mmoja wagombea ambao walikuwa wapinzani, na kuondolewa kwa Naibu Rais Rigathi Gachagua, ambaye Seneti ilithibitisha mashtaka dhidi yake tarehe 17 Oktoba 2024, kumezaa chama kipya cha DCP kinachowinda kura zile zile za Mlima Kenya ambazo UDA ilizipata. Huenda kwa mara ya kwanza kaunti kama Nyeri au Murang'a zikawa na kinyang'anyiro cha useneta kisichoamuliwa kwenye mchujo. Baringo, kwa upande mwingine, imetuonyesha mambo yanavyokwenda vyama vikikubaliana. Seneta William Cheptumo alifariki dunia Februari 2025, uchaguzi mdogo ukaitishwa Novemba 27, Gideon Moi wa KANU, aliyewahi kukishikilia kiti hicho, akatangaza nia, kisha akajiondoa Oktoba baada ya mazungumzo na Rais Ruto, na mgombea wa UDA akashinda. Watu wa Baringo walipiga kura, lakini shindano walilokuwa wakilisubiri lilikuwa limekwisha kumalizwa mbali nao. Garissa, mwaka 2021, hata kura haikupigwa: Abdul Haji alitangazwa seneta bila kupingwa baada ya kifo cha baba yake, Yusuf Haji.

Kwa hiyo anayeishi katika ngome na anataka sauti yake isikike hana budi kuingia katika mchujo wenyewe, na hapo kuna kazi ya kufanya sasa, si mwaka 2027. Sheria ya vyama vya siasa iliyorekebishwa mwaka 2022 inaviruhusu vyama kuteua wagombea kwa kura ya wanachama wote au kwa wajumbe, na tunajua pia desturi ya tiketi ya moja kwa moja. Mwanachama ana haki ya kukiuliza chama chake sasa hivi ni njia gani kitaitumia kwa useneta katika kaunti yake, na kama ni ya wajumbe, wajumbe hao ni akina nani na walichaguliwa lini. Uanachama wako unaweza kuuhakiki kupitia eCitizen katika huduma za Msajili wa Vyama vya Siasa. Wapo wengi waliojikuta wameandikishwa katika chama wasichokijua, na wengine hawamo popote ingawa wana kadi mfukoni. Nitaanza mimi kukiandikia chama changu hapa Mombasa barua ya kuuliza hayo, na jibu nikilipata nitaliweka kwenye uzi huu kama lilivyo.